Ndege wa Miezi ya Njaa

Mbayuwayu wale wenye mkia wa panda, ambao huzunguka juu ya malisho yetu tangu mwezi wa Oktoba, huanza kutuaga mwezi wa Machi, na ufikapo mwezi wa Mei ni nadra kuwaona. Wamekwenda Ulaya kuzaa. Ndugu zao wa jamii hiyo hiyo hufika hata Ayalandi, kisiwa kilicho ukingoni kabisa mwa Ulaya upande wa machweo, ingawa hao wa Ayalandi hupenda zaidi njia ya magharibi ya bara letu waendapo Afrika ya Kusini na warudipo. Mkulima wa Ayalandi amwonapo mbayuwayu wa kwanza hujua kwamba baridi imekwisha. Tena hathubutu kubomoa kiota chake zizini, maana wazee walisema kwamba ng'ombe wa mtu afanyaye hivyo atatoa maziwa yenye damu.

Nimechagua habari za ndege wa Ayalandi juma hili kwa sababu moja. Wako watu wengi wanaodhani kwamba kila nchi ya Wazungu imekuwa na shibe tangu kuumbwa kwa dunia. Masista wa Loreto walifika Nairobi mwaka wa 1921, na mapadre wengi wa Kiayalandi walifundisha katika shule zetu baada yao. Watoto waliowaona na viatu vyao na vitabu vyao hawakufikiri hata kidogo kwamba walimu hao walitoka katika nchi ambayo babu zake walikula majani ya porini yenye kuwasha, na walilala njiani wakafa. Wala walimu wenyewe hawakupenda sana kusimulia mambo hayo. Ndege ndio waliobaki wakisimuliwa, na katika habari za ndege njaa imejificha. Mtu akiisoma kwa makini ataiona.

Habari hizi zimehifadhiwa kwa njia ambayo ingefaa kuigwa. Mwaka wa 1935 serikali ya Dublin iliunda tume ya kukusanya ngano na desturi za wenyeji, nayo iliongozwa na Bwana Séamus Ó Duilearga. Kati ya mwaka wa 1937 na wa 1939 tume hiyo iliwatumia watoto wa shule za msingi, wapatao 50,000, katika shule 5,000 hivi. Kila mtoto alipewa kazi aende nyumbani, amwulize babu yake, au bibi yake, au jirani mzee, kisha aandike majibu katika daftari. Waliulizwa juu ya visima vitakatifu, dawa za kienyeji, dalili za mvua, ndege wa mahali pao, na juu ya zamani za njaa. Kurasa zilizopatikana, pamoja na zile zilizonakiliwa upya, zinafikia 740,000 hivi. Zimewekwa katika chuo kikuu cha University College Dublin, na siku hizi mtu yeyote aweza kuzisoma kwa intaneti. Mimi naiona kazi hii kuwa bora kuliko insha nyingi za safari ya mjini ambazo watoto wetu huandikishwa kila muhula.

Mtu atasema kwamba kumbukumbu za wazee si ushahidi. Lakini katika Ayalandi serikali yenyewe ililazimika kuzitegemea, na kisa chake kina kunguru ndani yake. Usiku wa tarehe 6 Januari mwaka wa 1839 kisiwa kile kilipigwa na dhoruba ambayo mfano wake haukujulikana. Mapaa ya nyasi yalipeperushwa kwa maelfu, miti iling'olewa, watu mamia walikufa, na asubuhi kunguru walikutwa wamelala chini ya miti wamekufa, hata katika wilaya nyingine watu walidhani kwamba jamii ya kunguru imekwisha. Usiku huo ukaitwa Usiku wa Upepo Mkubwa. Basi mwaka wa 1908 Bunge la London lilipitisha sheria ya kuwalipa wazee waliotimiza miaka 70, na malipo ya shilingi 5 kwa juma yakaanza Januari 1909. Walakini katika Ayalandi vizazi vyote havikuandikishwa na serikali mpaka mwaka wa 1864. Mzee asiye na karatasi angejulikanaje? Wazee wetu ambao hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa watafahamu mara moja shida hiyo. Maofisa waliuliza: Je, waukumbuka Upepo Mkubwa? Wengi walijibu kwamba walikuwa wakubwa kiasi cha kula kiazi mkononi usiku ule. Hapana shaka baadhi yao hawakuwa wamezaliwa bado. Lakini shilingi 5 kwa mtu ambaye hakupata kushika fedha za kawaida zilikuwa mali, na mimi siwezi kuwalaumu sana.

Tutazame sasa jinsi ndege walivyokuwa kalenda ya maskini. Mkulima mdogo wa magharibi ya Ayalandi, katika wilaya za Mayo, Galway, Donegal na Kerry, hakuwa na kalenda ukutani. Alijua kwamba mwezi wa Aprili atakuja cuach, ndege wa jamii moja na yule wetu ambaye sauti yake hutangulia mvua. Baridi kali ambayo hurudi ghafula mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, wakati watu wamekwisha panda, huitwa kwa lugha yao garbhshíon na gcuach, maana yake hali mbaya ya hewa ya wakati wa cuach. Mtu akimsikia ndege huyo mara ya kwanza kwa sikio la kuume, ni bahati njema. Kwa sikio la kushoto, ni mkosi. Mkosi mwingine ulikuwa ni kumsikia mtu akiwa hajala kitu asubuhi. Wengi hucheka wasomapo neno hilo la mwisho, nami najiuliza ni nani aendaye shambani kabla ya kula. Tajiri hamsikii cuach kwa tumbo tupu. Asemaye hivyo alikuwa akisema habari za watu wa aina fulani, na majirani zake walijua ni akina nani.

Tangu mwaka wa 2011 wataalamu wa Uingereza wamekuwa wakiwafunga ndege wa jamii hiyo vyombo vidogo mgongoni, vinavyotoa habari kwa satelaiti, na wameona kwamba wakati wa baridi ya Ulaya ndege hao huja kukaa katika misitu ya Kongo. Zamani hapakuwa na mtu Ayalandi aliyejua waendako. Wengine walisema cuach hugeuka kuwa mwewe majira ya baridi.

Lakini ndege ambaye wazee walimtaja kuliko wote kwa ajili ya miezi ya kiangazi ni traonach. Sisi hatuna jina lake lililoenea, ijapokuwa hupita Kenya mara mbili kwa mwaka. Hao wapitao hapa wengi wao hutoka Urusi. Ni ndege wa rangi ya majani makavu, mkubwa kidogo kuliko kware, ajifichaye katika majani marefu hata mtu aweza kuishi naye shamba moja miaka kumi asimwone. Husikika tu. Dume hulia usiku kucha, sauti mbili mbili, kama mtu akwaruzaye meno ya kitana kwa ukucha, nayo husikika mbali ya maili nzima. Wazee walisema kwamba alalapo chali hushikilia mbingu kwa miguu yake zisianguke, na kwamba kelele zake ni za hofu. Wengine hawakusadiki kwamba ndege arukaye vibaya namna ile aweza kuvuka bahari, wakasema hujichimbia ardhini mpaka mwaka mwingine.

Traonach hufika mwisho wa Aprili, na hulia mwezi wa Mei, wa Juni na wa Julai. Msomaji, itie akilini miezi hiyo mitatu. Karibu theluthi moja ya watu wa Ayalandi katika miaka ya 1840 waliishi kwa viazi vya kizungu, na viazi pekee, pamoja na maziwa ya mtindi wakiyapata. Mwanamume wa kazi alikula ratili 12 hadi 14 kwa siku. Si kwa ulafi. Hapakuwa na kitu kingine, kwa sababu nafaka na nguruwe viliuzwa kulipa kodi ya ardhi kwa bwana mwenye shamba, ambaye mara nyingi alikaa London au Dublin. Viazi huchimbwa majira ya kupukutika kwa majani, na akiba yake haivuki mwezi wa Mei au Juni kabla ya kuoza. Viazi vipya haviko tayari mpaka mwezi wa Agosti. Katikati ya hapo palikuwa na shimo. Julai iliitwa Julai ya Kabeji, maana watu walichemsha majani ya kabeji wakayala. Wanaume walivuka bahari kwenda Scotland na Uingereza kuvuna mashamba ya watu, na wake zao walifunga mlango wakazunguka barabarani na watoto kuomba mahali ambapo hawakujulikana. Waliobaki nyumbani walikopa unga wa shayiri kwa mwenye duka, ambaye aliandika deni kwa bei ya juu na kuongeza riba, nalo lililipwa vuli ijayo au halikulipwa.

Hiyo ndiyo miezi ya traonach. Wageni wa mjini waliokwenda shamba wakati wa kiangazi waliisikia sauti yake wakaona ni tamu, ishara ya mwanga mrefu wa jioni na harufu ya majani yaliyofyekwa. Mama mwenye watoto watano na kapu la viazi lililobaki viazi kumi aliisikia sauti hiyo hiyo usiku kucha, na hakupata usingizi, wala si kwa kelele peke yake.

Haya yalikuwa mambo ya miaka mizuri. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1845 majani ya viazi yalionekana yamekuwa meusi, na viazi vikioza ardhini kwa harufu mbaya. Ulikuwa ni ule ugonjwa ufananao na kuvu ambao wakulima wetu wa Nyandarua na Meru waujua vema kila mvua na ukungu vinapozidi. Mwaka huo ulichukua sehemu ya mavuno. Mwaka wa 1846 ulichukua karibu yote. Mwaka wa 1847 ugonjwa ulipungua, lakini watu walikuwa wamekwisha kula mbegu. Mwaka wa 1848 ukarudi kwa nguvu. Katika hesabu ya mwaka wa 1841 watu wa kisiwa kile walikuwa zaidi ya 8,100,000. Mwaka wa 1851 walikuwa 6,550,000 hivi. Kama watu 1,000,000 walikufa, wengi kwa homa na kuhara kuliko kwa njaa yenyewe, na wengine zaidi ya 1,000,000 walipanda meli kwenda Marekani, Kanada na Uingereza. Wakati huo huo meli nyingine ziliondoka bandarini na shayiri, siagi na ng'ombe wa kuuzwa. Serikali ya London iliwaweka wenye njaa kuvunja mawe barabarani kwa ujira mdogo. Kisha katika kiangazi cha 1847 ilifungua majiko ya supu, nayo yalilisha watu wapatao 3,000,000 kwa siku, jambo linaloonyesha wazi kwamba iliwezekana. Halafu majiko yakafungwa. Sheria ya mwaka huo huo ilisema kwamba mtu mwenye zaidi ya robo ya eka hatapata msaada mpaka aiache ardhi yake. Wengi waliiacha, nyumba zao zikabomolewa nyuma yao.

Katika mwaka ule ule wa 1845 Meya wa mji wa Cork, Bwana Richard Dowden, alitoa tangazo la kuwahurumia ndege. Ndege mwenyewe ni dreoilín, mdogo kama kidole gumba, rangi ya kahawia, mkia umesimama wima. Ngano yasema kwamba ndege wote walishindana, na atakayeruka juu kupita wote ndiye mfalme. Tai alipaa mpaka nguvu zikamwishia. Ndipo dreoilín, aliyekuwa amejificha katika manyoya ya mgongo wake, akatoka akaruka juu kidogo zaidi. Akawa mfalme kwa werevu. Lakini tarehe 26 Desemba, siku ya Mtakatifu Stefano, vijana walimsaka vichakani kwa fimbo na mawe, wakamwua, wakamfunga juu ya tawi la miiba lenye majani mabichi na utepe, wakapita nyumba kwa nyumba wakipiga ngoma na filimbi, nyuso zimepakwa masizi na nguo zimefumwa kwa majani makavu, wakiomba fedha za kumzika mfalme. Ukiuliza kosa lake ni nini, wengine watasema alipiga kelele akawaonyesha maadui mahali alipojificha Mtakatifu Stefano. Wengine watasema kwamba askari wa Ayalandi walikuwa wakiwanyemelea adui zao usiku, naye akadonoa makombo juu ya ngoma, adui wakaamka. Na hao adui, kwa wengine ni watu wa kaskazini waliokuja kwa merikebu miaka elfu iliyopita, na kwa wengine ni jeshi la Cromwell. Naona ajabu kwamba washitaki wote wana hakika ya hukumu lakini hawakubaliani juu ya kosa.

Meya alikataza uwindaji huo katika mji wake kwa kuwa ni ukatili. Sina ubishi naye. Ni ukatili kweli. Lakini waliozunguka na tawi lile walikuwa watoto wa maskini na vijana wa vibarua, na senti walizopewa siku ile zilikuwa labda fedha pekee watakazoshika wenyewe katika baridi yote. Nyumba iliyokataa kutoa iliogopeshwa kwamba ndege atazikwa mlangoni pake, na bahati yake ya mwaka mzima itazikwa naye. Ilikuwa njia ya maskini kumdai mwenye nacho bila ya kupiga magoti, kwa siku moja tu katika siku 365. Desturi hiyo haikufa. Katika mji wa Dingle, wilaya ya Kerry, vikundi hutoka hata leo kila tarehe 26 Desemba na nguo za majani na ngoma. Ndege haawi tena, na fedha mara nyingi hupewa kazi za hisani.

Wakati wa njaa kubwa yenyewe hapakuwa na nafasi ya ngano. Watu walikwenda usiku na mwanga vichakani kuwashika ndege waliolala. Walikula kunguru, na mayai ya ndege wa pwani, na chaza, na mwani. Ndege wanono wa mashambani na samaki wa mitoni vilikuwa mali ya bwana mwenye ardhi kwa sheria, na mtu aliyevichukua alikuwa mwizi.

Katika visiwa vidogo desturi ya kula ndege wa baharini iliendelea muda mrefu baada ya njaa. Kisiwa cha Great Blasket kiko maili 3 hivi kutoka pwani ya Kerry. Mwenyeji wake mmoja, Tomás Ó Criomhthain, mvuvi aliyejifunza kuisoma lugha yake mwenyewe akiwa mtu mzima, aliandika maisha yake katika kitabu An tOileánach, kilichotolewa mwaka wa 1929. Kitabu hicho kimejaa mambo ya kutafuta chakula: kamba wa bahari, sungura, viazi katika udongo haba, na makinda ya ndege yaliyotolewa katika miamba ambayo chini yake ni bahari tupu. Wazazi walikwenda huko, na watoto waliwatazama. Tomás aeleza kwamba mwanawe wa kwanza, mtoto wa miaka 7 au 8, alikwenda kukamata kinda la shakwe, akaanguka mwambani akafa. Alizaa watoto kumi, na wengi wao walimtangulia kaburini. Anaiandika habari hiyo kwa mistari michache, kisha anaendelea na kazi ya siku iliyofuata. Nimekisoma kipande hicho mara nyingi. Wako waandishi ambao wangekijaza machozi kurasa tatu.

Yeye alikufa mwaka wa 1937, na kisiwa kilimfuata. Katika baridi ya 1946 na 1947 kijana mmoja aliugua akafa bila ya daktari wala padre, kwa kuwa bahari haikupitika. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1947 wenyeji walimpelekea Waziri Mkuu, Bwana Éamon de Valera, simu ya maandishi ya kuomba chakula. Tarehe 17 Novemba 1953 wakazi wa mwisho walianza kuhamishwa. Nyumba zimebaki kuta tu, na ndege wa baharini wanataga bila ya kusumbuliwa.

Sitaki msomaji afikiri kwamba kila ndege wa huko alikuwa mkosi. Yule mdogo wa kifua chekundu, spideog, hakuuawa hata na mvulana mtundu, maana ilisemwa kwamba alijaribu kumtoa Bwana Yesu mwiba katika paji la uso, na damu ikamdondokea kifuani. Ila akiingia nyumbani, watu waliogopa kifo. Na mbayuwayu warukao chini chini waliwaonya watu wakusanye majani kabla ya mvua, jambo ambalo lina ukweli, kwa kuwa wadudu wawalao hushuka hewa ikiwa na unyevu. Kadhalika sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye ndugu zake twawaona Mida Creek karibu na Watamu wakati wa maji kupwa: alipolia mara kwa mara, mkulima alijua mvua iko njiani. Miaka ya 1980 sululu waliozaa Ayalandi walihesabiwa kwa maelfu ya jozi. Hesabu iliyofanywa kati ya mwaka wa 2015 na wa 2017 ilipata jozi 138 tu. Vinamasi vimekaushwa, misitu ya biashara imepandwa, na mbweha hula mayai.

Habari ya traonach ni ya namna hiyo pia, lakini ina fundo ambalo limenisumbua. Ndege huyu hutaga chini, katikati ya majani ya kufyekwa. Mkulima maskini alifyeka kwa mkono, polepole, na kwa kuchelewa, mwezi wa Julai au wa Agosti. Makinda yalikuwa yamekwisha kua, na yale madogo yalipata nafasi ya kukimbia. Kisha zikaja mashine za kuvutwa na farasi, halafu matrekta. Mwaka wa 1973 Ayalandi ilijiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, fedha zikaingia, wakulima wakaanza kukata majani mabichi mwezi wa Mei na Juni na kuyahifadhi kwa ajili ya ng'ombe. Mashine huanza pembeni mwa shamba na kuzunguka kuelekea katikati, na ndege asiyependa kutoka katika majani husogea katikati mpaka pasipo na mahali pa kusogea. Ndege aliyesikika zamani katika kila wilaya sasa husikika katika pembe za Donegal, Mayo na Galway peke yake. Hesabu ya mwaka wa 2023 ilipata madume zaidi kidogo ya 200 kwa nchi nzima.

Kwa hiyo umaskini ule ule uliowaua watu ndio uliomhifadhi ndege, na shibe ilipokuja alikwenda zake. Wako wazee wa Ayalandi walioikumbuka sauti ya traonach kwa huzuni, wakasema zamani zilikuwa njema. Wako wengine ambao walisema waziwazi kwamba hawataki kuisikia tena, wala viazi vya Julai, wala daftari la mwenye duka. Nadhani hao wa pili hawakusikilizwa vya kutosha, maana vitabu huandikwa zaidi na hao wa kwanza. Walakini si lazima mtu achague. Siku hizi serikali ya Dublin na Umoja wa Ulaya huwalipa wakulima wa pwani ile ili wacheleweshe kufyeka mpaka Agosti, waanze katikati ya shamba na kutoka nje ili makinda yakimbilie ukingoni, na waache vichaka vya majani marefu kwa ajili ya ndege wafikapo Aprili kabla majani mengine hayajaota. Mkulima hapati hasara, wala hali kabeji.

Mahali ambapo mpango huo umefaa zaidi ni penye mashamba madogo na visiwa vya kaskazini magharibi, kama kisiwa cha Tory, mbele ya pwani ya Donegal. Wageni hupanda mashua kutoka bara mwezi wa Mei, hulipa nauli na kitanda, kisha huketi nje usiku wa manane katika upepo wa baharini wakingoja kusikia kitana kikikwaruzwa. Wenyeji wa kisiwa wenyewe hufunga madirisha, wapate kulala.